Kibanda cha wazazi wa bendi: chai ya kurudia, chipsi za kuvumilia

Tathmini hii inahusu kibanda cha chakula na vinywaji kilichowekwa na wazazi wa wanafunzi wa bendi ya shule moja ya sekondari ya hapa Dodoma, katika tamasha la muziki lililofanyika Jumamosi moja ya mwezi Julai kwenye uwanja wa wazi usio mbali na Nyerere Square. Jina la shule nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina ya kusifu na ya kulalamikia. Nilikula hapo mara mbili usiku huo huo, nikalipa kila kitu kwa fedha yangu, na sina mtoto katika shule hiyo.

Nilikisogelea kibanda hicho nikiwa na shaka. Mkazi yeyote wa mji huu mwenye simu anaujua uzito wa michango: kadi ya harusi, kadi ya kipaimara, kundi la WhatsApp la kumuaga binti wa jirani, na kila kundi lina mweka hazina anayeamka alfajiri kubandika orodha ya waliobakiza ahadi zao. Nilipoona bango lenye picha ya tarumbeta na maneno ya kuomba tuiwezeshe bendi, mkono wangu ulikwenda mfukoni kuishika pochi, si kuifungua. Hata hivyo, hapakuwa na daftari la ahadi wala kisanduku cha sadaka. Palikuwa na majiko ya mkaa, karai la mafuta, mabirika makubwa matatu na orodha ya bei iliyoandikwa kwa kalamu nene, ikisomeka vizuri hata kwa mtu aliyesahau miwani. Kwa hiyo nimekipima kibanda hiki kama ninavyompima mama lishe yeyote: je, chakula kinastahili bei yake?

Chai inastahili, tena bila mjadala. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti upepo wake mkavu wa jioni hupenya hata koti, jambo ambalo wageni kutoka Dar es Salaam huligundua wakiwa wameshachelewa. Wazazi hawa wanalijua, ndiyo maana mabirika yao hayakuteremshwa jikoni usiku kucha. Chai ya maziwa iliuzwa shilingi 500 kwa kikombe cha bati kilichojaa, na tangawizi yake ilikuwa imepondwa kwenye kinu, si ile ya unga wa pakiti inayoacha ukakasi kooni. Chai ya rangi ilitiwa mchaichai na iliki. Kasoro ni kwamba sukari ilikuwa imeshatiwa kwenye birika, kwa kiasi cha kumridhisha mtoto. Anayekatazwa sukari na daktari hakuwa na la kuchagua zaidi ya maji ya chupa.

Mishikaki iliuzwa shilingi 1,000 kwa kijiti cha vipande vinne vya nyama ya ng'ombe. Mtu aliyezoea nyama ya mnada wa Msalato hadanganywi kirahisi katika jambo hili, nami niliutafuna mshikaki wa kwanza polepole nikiutafutia kosa. Nyama ilikuwa laini bila kuwa rojo, chumvi ilikuwa ya wastani, na moshi wa mkaa ulikuwa umeingia ndani. Mzazi mmoja aliyekuwa akigeuza vijiti, mwanamume mwenye aproni iliyombana tumboni, aliniambia kwamba nyama ililazwa tangu asubuhi katika tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi. Papai bichi, kama wapishi wanavyojua, huilainisha nyama hata iliyokomaa, lakini likizidi huigeuza kuwa kama uji; hapa lilitiwa kwa mkono wa mtu mwenye mazoea.

Kwa upande wa chipsi siwezi kusema hivyo. Zilikuwa nyororo, zimenyonya mafuta, na katikati viazi vilikuwa bado vina ugumu. Chanzo kilionekana wazi kwa yeyote aliyesimama kwenye foleni: kila foleni iliporefuka, viazi vibichi vilimiminwa karaini kwa wingi, mafuta yakapoa, na badala ya kukaangika vikachemka. Muuza chipsi wa kawaida wa mitaa ya Majengo hukaanga kidogo kidogo, au hukaanga mara ya kwanza mapema na kumalizia mteja anapofika. Kwa shilingi 2,000 nilistahili sahani bora zaidi. Sambusa sizihukumu, kwa sababu zilikwisha kabla ya saa mbili usiku, labda kwa kuwa zilistahili kwisha. Juisi ilikuwa ya ubuyu peke yake, nzito na kali kama inavyotakiwa. Niliulizia zabibu nikaambiwa, kwa upole wa mtu anayemwelimisha mgeni, kwamba mavuno ya pili ya mwaka bado hayajafika.

Usafi uliniridhisha kuliko nilivyotarajia mahali penye vumbi kama pale. Chakula chote kilifunikwa, wahudumu walivaa vitambaa vya kichwa, ndoo ya maji yenye koki na sabuni ilikuwa mbele ya meza wala haikufichwa nyuma, na aliyeshika fedha hakushika chakula. Malipo kwa simu yalikubaliwa kupitia Lipa Namba. Waliolipa taslimu ndio walioteseka, kwa sababu chenji haikutosha tangu jioni. Nilitoa noti ya shilingi 5,000 kwa manunuzi ya shilingi 4,500, mama wa dirishani akanitazama kama niliyemletea mtihani, akasema, “Baba yangu, hiyo mia tano yako naidaiwa, usinikimbie.” Nilitamani kumkumbusha kwamba mwenye kukimbia kwa kawaida si mdai.

Kuna jambo lililoikwamisha huduma kwa karibu nusu saa, nami nashindwa kuamua kama niliweke upande wa lawama au wa sifa. Kabla ya wasanii wakubwa kupanda jukwaani, bendi yenyewe ya shule ilipewa nafasi ya kupiga. Walikuwa vijana wasiozidi ishirini, wenye tarumbeta chache, tromboni mbili, saksafoni moja iliyofungwa mpira pembeni, na ngoma kubwa ya kuning'iniza shingoni. Ngoma ndogo za kizungu hawakuwa nazo, hivyo mwalimu wao aliziba pengo kwa ngoma za muheme, ambazo kwa Wagogo hupigwa na wanawake wakiwa wamezibana kati ya magoti. Wapigaji wakawa mama zao. Akina mama watatu walivua aproni, wakaacha karai na dirisha la fedha, wakapanda jukwaani, na foleni yote ikabaki inatazamana na baba mmoja aliyejua kugeuza mishikaki tu. Viazi viliungua. Mtu mmoja nyuma yangu alilalamika kwa sauti, kisha ngoma zilipokolea akanyamaza na kuanza kutikisa bega. Katika mkoa uliomlea Hukwe Zawose, aliyeufikisha muziki wa Kigogo katika majukwaa ya Ulaya kwa zeze na ilimba, tarumbeta kukaa pamoja na muheme si kioja. Hata hivyo, kamati inayojua ratiba ya jukwaa ingeweza kumwandaa mtu wa kushika dirisha.

Ubavuni mwa kibanda walibandika karatasi ya manila yenye hesabu, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko mtu mwenye njaa anavyopaswa. Iliorodhesha mauzo ya matamasha mawili yaliyotangulia, gharama za nyama, viazi na mafuta, na kodi ya eneo waliyolipa kwa waandaaji, kisha kiasi kilichoingizwa katika akaunti na vifaa vilivyokwisha kununuliwa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na ada za kidato cha tano na cha sita zikafuata kuondolewa mwaka 2022. Huo ni unafuu mkubwa kwa wazazi, lakini matengenezo ya saksafoni hayamo katika unafuu huo, na mwalimu hawezi kumrudisha mtoto nyumbani akafuate fedha ya tarumbeta. Kuuza chai, basi, ni njia isiyomlazimisha mtu. Hata hivyo, sikuona mstari wa mkaa wala wa usafiri. Nilipouliza, mweka hazina alikiri mara moja kwamba mkaa huletwa na mzazi mmoja bila malipo na gari ni la mwingine. Ni ukarimu mzuri, ila ungeandikwa, kwa maana siku wazazi hao wawili watakapohitimisha watoto wao, kamati itashangaa faida imekwenda wapi.

Nchini Marekani, ambako wazazi wa bendi za shule wamezoea kuhudumu kwenye vibanda vya viwanja vya michezo na matamasha, mara nyingi kampuni yenye haki ya kuuza chakula hutoa bidhaa na vifaa, na kikundi cha wazazi hupewa asilimia ya mauzo badala ya ujira. Hapa kwetu wazazi hawa ndio wenye mtaji, ndio wapishi, na mvua ikinyesha ndio wenye hasara; kodi ya eneo walilipa kabla ya kuuza kikombe cha kwanza, kwa kiwango kile kile walichotozwa wafanyabiashara wa jirani. Naona waandaaji wangeweza kuwafikiria kwa namna nyingine, hasa kwa kuwa bendi ilipiga bila malipo.

Atakayekikuta kibanda hiki katika tamasha jingine afike kabla ya saa mbili kwa ajili ya sambusa, achukue mishikaki mitatu na chai ya maziwa, aziache chipsi mpaka watakapojirekebisha, na alipe kwa simu. Mimi chenji yangu niliipata saa nne na robo, nikiwa katikati ya umati na taa za jukwaa zikinimulika machoni. Mama wa dirishani alinitafuta mstari kwa mstari hadi akanifikia, akanitia kiganjani sarafu ya shilingi 500 yenye mafuta ya sambusa, kisha akakidai kikombe chake.