Uzoefu wangu: mfuniko wa polikaboneti kwa tangi la samaki lililokwishatumika

Tangi la samaki lililokwishatumika mara nyingi huuzwa bila mfuniko, na anayefuga samaki wenye tabia ya kuruka anajua hatari ya kuliacha wazi. Langu nililifunika kwa shiti ya polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ya milimita 6, ile yenye kuta mbili nyembamba na mifereji ya hewa katikati, ambayo wengi huitumia kuezekea. Baada ya kuitumia kwa muda mrefu, naona ndiyo inayolifaa zaidi tangi la zamani.

Sababu kubwa ni kwamba matangi ya namna hii aghalabu hayana pembe mraba kamili. Upana wa kulia hutofautiana na wa kushoto kwa milimita kadhaa, na silikoni, yaani gundi ya kuungia vioo, iliyojazwa kwenye pembe za ndani huzuia mfuniko wenye pembe kali kukaa sawasawa. Kioo kikishakatwa si rahisi kukipunguza, lakini polikaboneti hukatwa kwa kisu kikali na rula ya chuma, na ikibana mahali, unapunguza papo hapo. Nilipima ncha zote mbili na katikati, nikakata kwanza kiolezo cha kadibodi, kisha nikapunguza milimita 2 kila upande. Pembe nilizikata mshazari ili zikwepe silikoni, na nyuma nikaacha nafasi ya bomba la kichujio na waya wa hita, ambayo pia hupitisha hewa. Mfuniko unakaa juu ya papi za kioo zilizogundishwa mbele na nyuma, kwa hiyo mifereji niliielekeza kutoka mbele kwenda nyuma, kwani shiti hii ni ngumu zaidi kwa kufuata mifereji yake.

Akriliki, aina nyingine ya plastiki, sikuichagua, kwa kuwa hunyonya unyevu upande unaotazama maji ilhali upande wa juu ni mkavu, na hatimaye hupinda. Polikaboneti yangu imebaki imenyooka, na maji yanayopotea kwa mvuke yamepungua sana.

Kasoro zipo, na nyingine zinaudhi. Mifereji isipozibwa miishoni huingiza unyevu, na mwani ukishaota ndani yake hauwezi kusuguliwa ukatoka. Nakushauri uizibe kabla ya kuufunga mfuniko, kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uiache ikauke kabisa. Uso wake pia huchubuka upesi, hivyo kitambaa laini na maji vinatosha kuusafisha. Tena ni nyepesi kiasi kwamba samaki mkubwa anaweza kuinyanyua akiruka, ndiyo maana nimeibana kwa vibanio vidogo.

Mwenye mimea inayotaka mwanga mkali atumie kioo chenye kingo zilizopigwa msasa, maana kuta mbili za polikaboneti hupunguza mwanga kwa kiasi kinachoonekana.