Kalenda ya Sikukuu na Kikokotoo cha Likizo cha GOV.UK

Kwa anayepanga zamu za wafanyakazi walio London, Glasgow na Belfast kwa pamoja, kurasa hizi mbili za tovuti ya serikali ya Uingereza zina manufaa makubwa. Ukurasa wa sikukuu umegawanywa sehemu tatu: kwa kawaida England na Wales zina sikukuu 8 kwa mwaka, Scotland 9, na Ireland ya Kaskazini 10. Scotland hupumzika Januari 2 na Novemba 30 lakini haina Jumatatu ya Pasaka, ilhali Ireland ya Kaskazini huongeza Machi 17 na Julai 12. Sikukuu ikiangukia wikendi, siku ya fidia huoneshwa. Upungufu ni kwamba sikukuu za halmashauri za Scotland, kama Glasgow Fair ya mwezi Julai, hazimo.

Kikokotoo ndicho kilichonivutia zaidi (kisichanganywe na kile cha pensheni kilichozua mjadala Tanzania). Sheria inatoa wiki 5.6 za likizo yenye malipo, hivyo anayefanya kazi siku 3 kwa wiki hupata siku 16.8, na mwajiri haruhusiwi kuipunguza hiyo desimali. Wa siku 5 hupata 28, lakini mwajiri anaweza kuzihesabu sikukuu ndani ya hizo 28, kwa hiyo sikukuu ya tisa ya Scotland haimwongezei mtu chochote mpaka mkataba wake wa ajira useme hivyo.