Fort Jesus ama Kengeleni?

Ukitaka kuona kumbukumbu za watu waliokaa mbali na kwao hapa Mombasa, Fort Jesus iko na michoro ya ukutani ya wanajeshi wa Kireno, meli hivi, samaki, watu, yaani jamaa wamekwama ng'ambo wanachora tu kupoteza mawazo, ni noma, lakini tiketi utalipa na umati wa watalii utasukumana nao. Kengeleni ni bure, washuka matatu hapo hapo. Kengele iko kwenye tao la mawe, ni ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachiwa huru miaka ya 1870, wengine waliletwa kutoka Bombay, na ikilia ilikuwa onyo wawindaji watumwa waja. Mimi nachagua Kengeleni, japo honi zitakuudhi.