Skwea kwanza, futikamba baadaye: kununua vifaa vya kupimia na kuchorea mbao

Fundi seremala anayeanza, akiingia dukani na fedha kidogo, kwa kawaida hukimbilia futikamba na kuiacha skwea, kifaa cha kukagulia pembe mraba, mpaka mwezi ujao. Mimi ningefanya kinyume. Urefu ukikosewa, ubao mmoja huharibika na kosa huonekana papo hapo. Pembe ikikosewa, kosa hujificha ndani ya kila kiungo mpaka siku ya kuunganisha kabati, milango inapokataa kufunga.

Nafasi ya kwanza, basi, naipa skwea, hasa ile ambayo kichwa chake huteleza juu ya rula ya chuma na kukazwa kwa skrubu, kwa kuwa hiyo moja hutoa nyuzi 90 na 45, hupima kina cha tundu, na penseli ikiegemezwa kwenye ncha ya rula huchora mstari sambamba na ukingo wa ubao. Yenye mpini wa mbao si mbaya, ila mpini huo huvimba na kusinyaa kwa unyevu, kwa hiyo aliyeko Tanga au Unguja aikague mara kwa mara.

Usilipe kabla ya kuijaribu. Nenda na kipande cha ubao chenye ukingo uliopigwa randa ukanyooka, egemeza kichwa cha skwea hapo, chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri, kisha igeuze skwea upande wa pili na uchore mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, nunua. Ikiachana kwa milimita 1 kwenye urefu wa sentimita 15, kosa la skwea ni nusu milimita, maana kugeuza hulionyesha mara mbili. Na nusu milimita hiyo huwa milimita 2 ukifika sentimita 60. Muuzaji anaweza kununa, mwache anune.

Ya pili ni futikamba. Mita 5 zinatosha kwa samani. Kwenye utepe wa zilizo bora huwa pamechapwa namba ya Kirumi inayotaja daraja la usahihi: kwa mita 5, daraja la I huruhusiwa kukosea milimita 0.6, la II milimita 1.3, na la III milimita 2.6. Chukua la II. Hakikisha ina inchi na sentimita, kwa sababu mbao na magodoro yetu huuzwa kwa futi na inchi. Futi 5 ni sentimita 152.4, na anayezifanya 150 atampelekea mteja kitanda cha tano kwa sita ambacho godoro lake huingia kwa kusukumwa na magoti. Kindoano cha mwisho kinachocheza si kibovu: kucheza kwake ni sawa na unene wake, ili kipimo kisibadilike ukikivuta ukingoni au ukikisukumia ukutani. Usikigongelee.

Ya tatu ni kisu chembamba chenye makali, cha kuchorea viungo. Penseli butu huacha mstari mpana kiasi kwamba hujui msumeno upite upande gani, ilhali alama ya kisu huwa mfereji mdogo ambamo patasi hukaa yenyewe. Geji ya kuchora mistari sambamba ni ya nne, na mwenye skwea ya kuteleza anaweza kuisubirisha. Pimamaji ni ya siku ya kufunga kabati ukutani. Vernia ya kidijitali, ile ya kupimia unene kwa sehemu ndogo za milimita, sioni haja yake kwa anayeanza.

Utunzaji ni mwepesi. Jioni futa vumbi la mbao, kisha pitisha kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kwenye chuma cha skwea, kwa maana chumvi ya hewa ya pwani haichelewi kuleta kutu. Utepe wa futikamba uongoze kwa kidole unaporudi, usiuachie ujipige, kwani ndivyo kindoano kinavyolegea. Na skwea ikianguka sakafuni, rudia jaribio la mistari miwili kabla hujachora chochote.