Porto kwa siku nne: ukodi chumba mtaa gani?

Vyumba vya Porto, Ureno, huuzwa kwa picha moja tu: nyumba za rangi zimebebana mlimani, mto Douro chini yake, na Daraja la Dom Luís I limejipinda juu ya maji. Ukiiona unataka ulale ndani ya ile picha. Kisha unasikia kwamba bahari ya Atlantiki haiko mbali, ukajiona unatoka kitandani na taulo begani moja kwa moja hadi kwenye mchanga.

Ramani haikubaliani nawe. Mji mkongwe umekaa kando ya mto, na mto unamwaga maji yake baharini kilomita kama 5 mbele. Dirisha la mtoni si dirisha la baharini, na vyote viwili hupati kwa chumba kimoja. Kwa hiyo nimevipanga vitongoji kwa kipimo ambacho wauza vyumba hawakipendi: utakitumiaje kituo cha metro. Dirisha utalitazama dakika kumi asubuhi. Kituo utakipitia mara nne kwa siku.

Wa kwanza: Trindade, Bolhão na Aliados

Sehemu hii haina mandhari ya kujivunia, na bado ndiyo ningekodi mimi. Metro ya mstari E, ule wa zambarau, inakutoa uwanja wa ndege na kukufikisha Trindade kwa nusu saa hivi, bila kubadili treni. Hapo Trindade mistari inakutana: wa A, wa buluu, unakupeleka Matosinhos ufukweni, wa D, wa njano, unapita juu ya daraja hadi Gaia, ng'ambo ya mto. Ukiwa na siku nne tu, hilo linakuokolea karibu nusu siku.

Mengine yako kwa miguu. Soko la Bolhão, lililofunguliwa upya mwaka 2022 baada ya ukarabati mrefu, liko hapo hapo. Kituo cha treni cha São Bento kiko mteremko kidogo. Ingia hata kama husafiri, ukatazame vigae 20,000 hivi vya buluu na nyeupe vilivyochorwa na Jorge Colaço. Kutoka hapo hadi mtoni ni kushuka tu. Kurudi ndiko kwenye kazi, lakini kuna Funicular dos Guindais, kibehewa kinachovutwa kwa kamba ya chuma kutoka chini mtoni hadi uwanja wa Batalha, juu mjini.

Kila abiria anunue kadi yake ya nauli, iitwayo Andante, na kuigusisha kwenye mashine kila anapopanda. Vituo vingi havina geti la kukuzuia, ndiyo maana wageni husahau. Mkaguzi hasahau.

Wa pili: Gaia ya juu, karibu na Jardim do Morro

Anayelala Ribeira, ule mtaa wa kando ya mto ulioko kwenye picha, haioni Ribeira. Anayeiona ni aliye ng'ambo. Vila Nova de Gaia ni mji unaojitegemea, na upande wake wa juu una kituo cha metro kwenye kichwa cha daraja. Daraja lenyewe, la mwaka 1886, lina sakafu mbili; ya juu ni ya metro na watembea kwa miguu, kwa hiyo unavuka na kuingia Porto bila kushuka bondeni.

Kituo kinachofuata, General Torres, kina pia treni za pwani ya kusini. Shuka Miramar ukaone kanisa dogo la Senhor da Pedra, limejengwa juu ya mwamba ufukweni kabisa. Kwangu huo ndio ufukwe mzuri kuliko yote ya karibu.

Angalia tu tangazo lisikuchanganye: Cais de Gaia, kwenye maghala ya mvinyo, ni chini mtoni. Utapanda mlima kila siku au ulipie kibehewa cha angani kinachoning'inia kwenye kebo.

Wa tatu: Matosinhos

Kama umefuata bahari, lala hapa. Ufukwe ni mpana, metro inakufikisha mjini kwa nusu saa hivi, na kwenye barabara ya Heróis de França samaki huchomwa nje, moshi ukikufuata hadi chumbani. Ni bandari ya wavuvi kweli, si mapambo.

Ila maji ni baridi. Hata Agosti mara nyingi hayafiki nyuzijoto 20, na aliyelelewa na Bahari ya Hindi atatoka mbio. Mchana wa kiangazi huvuma upepo wa kaskazini, nortada, unaokurushia mchanga usoni, nenda asubuhi. Wenye watoto wavuke hadi Leça da Palmeira, kwenye Piscina das Marés, mabwawa ya maji ya bahari yaliyobuniwa na Álvaro Siza katikati ya miamba. Mawimbi hayakupigi.

Wa nne: Foz do Douro

Ni pale mto unapoingia baharini. Pazuri, ghali, na hapana metro. Utategemea basi namba 500, au tramu namba 1 inayokwenda polepole ikiwa imejaa watalii. Fukwe zake ni ndogo zenye miamba. Njoo ulione jua likizama, kisha urudi ulikolala.

Wa mwisho: Ribeira

Najua wengi watabisha. Mji mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1996 na unastahili. Lakini begi la magurudumu juu ya yale mawe, ngazi, na kelele za mikahawa hadi usiku! Kituo cha karibu cha metro ni São Bento, juu mlimani. Usiku wa São João, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe 23 Juni, watu hugongana vichwani kwa nyundo za plastiki na fataki hulipuka juu ya mto. Usiku huo tu ningekubali kulala Ribeira, maana usingizi hautakuwepo popote.

Kabla hujalipa

Nyumba ya kukodishwa kwa watalii lazima iwe na namba ya usajili ya AL (Alojamento Local, yaani malazi ya watalii); isipoonekana kwenye tangazo, achana nayo. Uliza kama kuna lifti, na ukumbuke kwamba wao huanza kuhesabu ghorofa juu ya ile ya chini: "3.º andar" ni kupanda ghorofa tatu. Kwa safari ya baridi, uliza kuhusu joto la ndani, kwani nyumba kongwe huwa na unyevu. Kodi ya wageni Porto ilipandishwa hadi euro 3 kwa mtu kwa usiku Desemba 2024, na mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona.

Tangazo likisema chumba kiko jirani na igreja, usishtuke. Ndilo neno lililotuzalia gereza, lakini kule ni kanisa, na swali la kumuuliza mwenye nyumba ni kengele zinaanza saa ngapi.