Karatasi za polaroidi: nyota ngapi, sijui tena

Hili duka la mtandaoni lina kiburi! Niliagiza karatasi mbili za polaroidi, zile zinazochuja mwanga upite uliotetemeka upande mmoja tu, niwaonyeshe wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Malindi jinsi wanasayansi wanavyosoma fuwele za barafu. Mzigo ukaja na basi, bahasha imekunjwa katikati. Kuzijaribu ni rahisi: zipandanishe, zungusha moja nyuzi 90, giza liingie. Nazungusha, nazungusha, wapi! Moja ilikuwa plastiki tu, ya kufungia sambusa.

Nikapiga simu dukani. Mhudumu akaniuliza: "Mzee, huko Malindi barafu ya nini zaidi ya juisi?" Akacheka, na mwenzake huko nyuma akacheka. Kisha eti bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Sasa mtu aijaribu vipi bila kuifungua?

Alinikatia simu, basi nimjibu hapa. Fuwele ya barafu ina matabaka yanayoteleza kama karata. Barafu nene ikijikandamiza kwa uzito wake, fuwele hugeuka polepole na mihimili yake, yaani mistari inayopenya matabaka hayo moja kwa moja kama msumari kwenye karata, huelekea wima. Huko Greenland, wachimbaji wa GRIP, mradi wa kutoboa barafu, walifika mita 3,029 mwaka 1992, na katika sehemu kubwa ya kina hicho, kadiri barafu ilivyotoka chini zaidi ndivyo mihimili ilivyozidi kuelekea wima. Ukijua mwelekeo huo, unajua barafu imebanwa vipi na itatiririka vipi. Juisi, eti!

Lakini ile karatasi ya pili, wallahi, ni safi. Mwanga wa skrini ya kompyuta tayari umechujwa, kwa hiyo moja ilitosha. Tulitwaa bonge la barafu ya kuhifadhia samaki, tukalisugua kwenye sufuria mpaka likawa jembamba, tukaliweka kwenye kioo mbele ya skrini nyeupe, tukalitazama kupitia karatasi ile. Lo! Punje moja, yaani fuwele moja, pinki, jirani yake kijani. Ukigeuza kipande, ya pinki inazimika huku nyingine inawaka. Kwa joto letu hili haikudumu, maji yalikuwa yanaelekea kwenye kibodi, lakini watoto walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja, naye akapanga foleni.

Kwa hilo nawapa nyota nne. Hapana, mbili, maana nililipia karatasi mbili. Na nikikumbuka kile kicheko, moja, nayo ni ya konda aliyenitunzia mzigo mpaka nikatoka darasani. Pesa ya ile plastiki nirudishiwe.