Kabla ya kununua chupa ya bakteria, uliza ilikaa wapi

Mwezi wa pili nilihamisha mbuna wangu, samaki wa mapambo wa Ziwa Nyasa, kutoka tangi la lita 80 kwenda la lita 200. Nilinunua chupa ya bakteria wa kusafisha maji ya tangi kwa shilingi 45,000, nikamimina kama ilivyoelekezwa, samaki wakaingia jioni ileile. Siku ya tatu niliwakuta wamejazana juu ya maji wanatweta, matamvua mekundu. Nikapima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Rangi salama ni njano. Kwenye kichupa changu ikatoka kijani iliyokolea. Walikufa watatu.

Nilirudi dukani. Chupa zilizobaki zilikuwa zimepangwa dirishani, jua la mchana la Dar es Salaam linazipiga moja kwa moja. Nikashika moja: ya moto kama maji yaliyosahauliwa kwenye dashibodi ya daladala. Na tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imefunikwa na kibandiko cha bei!

Wasomaji wengi huniuliza chapa na ukubwa wa chupa. Joto na tarehe hakuna anayeuliza, na hapo ndipo pesa inapotelea. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ni viumbe hai wasiotengeneza spora, yaani maganda magumu ya kujikinga na joto au ukavu. Ukiwachemsha dirishani, unanunua maji machafu. Kwetu wenye mbuna hasara ni kubwa zaidi, maana samaki hawa wanapenda pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya karibu 8, na pH ikipanda amonia inakuwa sumu kali zaidi.

Chaguo langu la kwanza la kupata bakteria hao ni filta ya sponji na pampu ya hewa. Inunue wiki nne hadi sita kabla ya kuhama, uifungie ndani ya tangi la zamani lenye samaki, ikae huko ikijaa bakteria. Siku ya kuhama unaibeba ikiwa imelowa. Ikibidi kuikamua, tumia maji ya tangi lenyewe, kamwe si ya bomba, kwa sababu klorini inaua ulichokilea. Wapo wanaobeba ndoo za maji ya zamani wakidhani ndiyo mbegu. Bakteria hawa wanaganda kwenye sponji, mawe na mchanga. Majini wamo wachache mno.

Ukishindwa kusubiri, chukua chupa ya bakteria iitwayo FritzZyme 7, ya kampuni ya Fritz. Nasema wazi kwamba naipendelea Fritz: ni bakteria hai wenyewe, na hii haidai friji kama ndugu yake TurboStart 700. Hata hivyo niletee iliyokaa kivulini, tarehe inasomeka. TurboStart ina nguvu zaidi, lakini ukiikuta kwenye rafu ya kawaida, iache hapohapo.

Ya tatu ni Seachem Stability. Hii inavumilia joto vizuri, ndiyo sifa yake kubwa. Ila piga hesabu kabla ya kulipa. Maelekezo yanataka mililita 5 kwa kila lita 40 siku ya kwanza, kisha mililita 5 kwa kila lita 80 kila siku kwa siku saba. Kwa tangi la lita 200 hiyo ni 25, halafu 12.5 mara saba: jumla 112.5. Muuzaji anakupa chupa ya mililita 100 anakwambia inatosha na kubaki. Haitoshi.

Unga wa bei nafuu kwenye vifuko visivyo na jina siuandikii zaidi ya hapa.

Kinachoniuma ni kwamba tunalipa bei za juu kwa kitu kilichovuka bahari kwenye kontena, halafu mwenye duka anaona uzito kukisogeza mita mbili kutoka juani. Wengine wanamimina kwenye vichupa vidogo vya plastiki ili wauze rejareja. Tarehe inapotea, chapa inapotea, na samaki wakifa wewe ndiye "umewalisha sana". Kataeni. Bandueni kibandiko cha bei palepale kaunta, msome tarehe, mguse chupa kwa kiganja. Ikiwa ya moto, rudisheni.

Dada yangu anaanza tangi lake mwezi ujao. Sponji yake iko humu kwangu tangu Jumapili, inatoa mapovu kando ya jiwe wanalolalia mbuna waliobaki.